Maswali ya Wasomaji: Takwimu za Mahakama za Rufaa Zinahesabu Nini?

Toleo hili tumelitenga kwa barua zinazohusu idadi ya rufaa, kasi ya kuziamua na hukumu zinazotoka. Mifano ya hesabu yenye namba za mviringo ni ya kufundishia tu, si takwimu za mahakama yoyote.

Wahariri, habari za kazi. Kwenye hotuba tunasikia mahakama imeondosha mashauri kwa zaidi ya asilimia 100. Baba yangu ana rufaa Mahakama ya Rufani, huu mwaka wa tatu na hajapangiwa tarehe. Sasa hiyo zaidi ya mia imetoka wapi? (Msomaji, Dodoma)

Pole kwa kusubiri. Asilimia hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa, na baba akaendelea kungoja vilevile. Kiwango cha uondoshaji hupatikana kwa kuchukua mashauri yaliyomalizwa ndani ya mwaka, kuyagawanya kwa yaliyofunguliwa mwaka huohuo, kisha kuzidisha kwa 100. Mafaili yaliyolala masjala tangu miaka ya nyuma hayamo kwenye hesabu hiyo.

Tuchukue mahakama mbili. Ya kwanza inaanza mwaka na rufaa 4,000 za zamani, inapokea 2,000 na kumaliza 2,100. Kiwango chake ni asilimia 105, na watu watapiga makofi. Ya pili inaanza na rufaa 1,300, inapokea 2,000, inamaliza 1,800. Kiwango ni asilimia 90, na magazeti yataandika kwamba imezidiwa. Lakini mrufani anayeingia leo afadhali aingie hiyo ya pili. Ya kwanza imefunga mwaka na rufaa 3,900 mkononi, na kwa mwendo wa kupunguza 100 kila mwaka, foleni hiyo itaisha baada ya miaka 39.

Kipimo cha kuuliza ni muda wa kumaliza: chukua mashauri yaliyobaki mwisho wa mwaka, gawanya kwa yaliyomalizwa mwaka huo, zidisha kwa siku 365. Mahakama ya kwanza inapata siku 678, ya pili siku 304. Tume ya Baraza la Ulaya inayopima ufanisi wa mahakama, CEPEJ, hutumia kanuni hiyo kulinganisha nchi wanachama. Ukiwa na jedwali la mwaka lenye safu tatu tu (yaliyobaki, yaliyofunguliwa, yaliyomalizwa) unaweza kuikokotoa mwenyewe kwa simu.

Angalia pia neno “mlundikano” limepewa maana gani kwenye ripoti unayosoma. Tanzania, shauri la Mahakama ya Rufani huhesabiwa la mlundikano likipita miezi 24. Kenya, ripoti za mahakama kwa miaka kadhaa zimetumia kipimo cha mwaka mmoja. Anayechukua asilimia ya mlundikano ya Dodoma na ya Nairobi akaziweka kwenye chati moja analinganisha vitu viwili tofauti, hata kama jina ni moja.

Kuna mtego mwingine ndani ya wastani wenyewe. Mahakama ikiamua kuvamia mafaili ya zamani, wastani wa umri wa mashauri yaliyomalizwa hupanda, kwa kuwa ndiyo kwanza yale ya miaka minane yanatoka. Ikiyaacha yalale na kumaliza mapya mepesi, wastani hushuka na ripoti inapendeza. Ndiyo maana umri wa mashauri yanayosubiri una maana kubwa kuliko umri wa yaliyokwisha. Ripoti isiyoutoa imewanyima wasomaji wake jedwali la maana kuliko yote.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili, Mwanza. Rufaa ya mteja wetu ilifutwa kwa kasoro ya nyaraka, tukaomba kuongezewa muda, tukaifungua upya. Je, kwenye takwimu tunahesabiwa mara ngapi? (Karani, Mwanza)

Mara tatu, ndugu yetu, na pengine nne.

Sheria inatenganisha rufaa iliyofutwa kwa sababu haikuwa halali mbele ya mahakama na rufaa iliyotupwa baada ya kusikilizwa hoja zake. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililiweka wazi jambo hilo mwaka 1959 katika shauri la Ngoni-Matengo Cooperative Marketing Union dhidi ya Alimahomed Osman, na bado linafuatwa. Iliyofutwa inaweza kurudi ikitimiza masharti, iliyotupwa imekwisha. Kwenye jedwali la mwaka, hata hivyo, zote mbili huingia safu ya “yaliyomalizwa”.

Kwa hiyo ugomvi wenu mmoja umezaa faili la rufaa ya kwanza (limemalizwa), faili la maombi ya kuongezewa muda (limemalizwa) na faili la rufaa ya pili (linasubiri, lina namba ya mwaka mpya na umri wake umeanza sifuri). Kama mambo haya yalitokea kabla ya 1 Desemba 2023, huenda mlipita pia kwenye maombi ya kibali cha kukata rufaa, ambayo ni faili la nne, ingawa hilo mara nyingi huanzia Mahakama Kuu. Kuanzia tarehe hiyo, Sheria Na. 11 ya 2023 iliondoa sharti la kibali kwa mashauri mengi ya madai. Anayechora mwelekeo wa maombi unaovuka tarehe hiyo aweke alama kwenye chati, la sivyo atadhani wananchi wamepunguza kugombana.

Alama nyingine ni mwaka 2018. Sheria Na. 8 ya mwaka huo iliingiza katika Sheria ya Mamlaka ya Rufaa lengo kuu la kutenda haki bila kufungwa mno na ufundi wa taratibu. Mabadiliko ya kanuni ya 2019 yakafungua mlango wa mrufani kuomba kuleta kumbukumbu za nyongeza pale nyaraka fulani iliposahaulika, badala ya rufaa nzima kufutwa. Ukihesabu rufaa zilizofutwa kwa kasoro, gawa data yako kabla na baada ya hapo.

Lakini lengo kuu halifufui rufaa iliyochelewa. Katika rufaa za madai mambo yanayokwamisha ni yaleyale: notisi ya rufaa iwe imewasilishwa ndani ya siku 30 za uamuzi, barua ya kuomba nakala za mwenendo iandikwe ndani ya siku 30 hizohizo na mjibu rufaa apewe nakala yake, kumbukumbu za rufaa ziingie ndani ya siku 60 tangu notisi. Siku ambazo msajili alitumia kuandaa nakala hutolewa kwenye hizo 60 kwa hati maalumu anayoisaini, na hapo ndipo wengi huumia. Hati ikitaja tarehe ya barua isiyolingana na muhuri wa barua yenyewe, au ikahesabu siku vibaya, inapoteza nguvu na rufaa inabaki nje ya muda. Ikifika mezani kwako, soma tarehe zake moja baada ya nyingine ukiwa na barua mkononi kabla hujaondoka masjala.

Nafanya utafiti wa shahada ya sheria, Morogoro. Nimeona hukumu ya Mahakama ya Rufani yenye nukuu [2023] TZCA na namba iliyozidi 17,000. Ina maana waliamua mashauri 17,000 mwaka huo? Na nikitaka kukusanya data yangu mwenyewe nianzie wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

La hasha. Rufaa husikilizwa na majaji wasiopungua watatu, hivyo hukumu 17,000 kwa mwaka zingewatoa roho. Namba iliyo baada ya TZCA (kifupi cha Kiingereza cha Mahakama ya Rufani ya Tanzania) hutolewa na hifadhidata uamuzi unapoingizwa. Inatambulisha uamuzi, haihesabu maamuzi. Inaweza kuruka, na haifuati mpangilio wa tarehe za kusomwa. Watafiti wamezoea kuchukua namba kubwa ya mwaka na kuiita jumla, nawe usiwaige.

Cha kukufaa kipo kwenye nukuu yenyewe. Tuseme kichwa kinasomeka “Rufaa ya Madai Na. 45 ya 2018”, kisha [2021] TZCA na tarehe 12 Julai 2021. Mwaka wa namba ya rufaa unaonyesha ilipofunguliwa, tarehe inaonyesha ilipoamuliwa. Hapo una umri wa shauri bila kuomba chochote kwa msajili. Siku na mwezi wa kufungua huvijui, kwa hiyo andika kiwango cha chini na cha juu: iliyofunguliwa 31 Desemba 2018 ina miezi 30 na ushee, iliyofunguliwa 1 Januari ina miezi 42. Mara nyingi mwili wa hukumu hutaja tarehe ya notisi, nawe utaitumia kukaza makadirio.

Usichanganye jinai na madai katika hesabu hiyo. Kwa kanuni za 2009, notisi ya rufaa ya jinai yenyewe ndiyo inayofungua rufaa, na kumbukumbu huandaliwa na msajili wa Mahakama Kuu. Rufaa ya madai hufunguliwa pale mrufani anapowasilisha hati ya rufaa, kumbukumbu na dhamana ya gharama. Saa ya mfungwa inaanza kuhesabu mapema kuliko saa ya mfanyabiashara. Ukiona rufaa za jinai “zinachelewa zaidi”, sehemu ya tofauti hiyo imetoka hapo tu.

Kuhusu kukusanya, fanya hivi. Chagua kipindi kwa tarehe ya uamuzi, si kwa mwaka wa kufungua, kwa sababu zilizofunguliwa karibuni na bado hazijaamuliwa hazimo kwenye TANZLII, hifadhidata ya mtandaoni ya hukumu za Tanzania. Ukichukua rufaa zilizofunguliwa 2023 ambazo zimeshaamuliwa utapata zile za haraka peke yake, na utatangaza kasi ambayo haipo. Pakua orodha nzima ya kipindi hicho. Kama ni kubwa mno, chukua sampuli kwa kuruka idadi sawa, kwa mfano kila ya tano, ukianzia namba uliyoipata kwa bahati nasibu. Kisha fungua karatasi ya jedwali yenye safu hizi: namba ya shauri, aina (rufaa, maombi, mapitio, marejeo), jinai au madai, mji wa kikao, tarehe ya kusikilizwa, tarehe ya uamuzi, majina ya majaji, matokeo, lugha ya uamuzi, na shauri la chini lilikotoka.

Safu ya mwisho ndiyo itakayokuokoa. Kwa safu hiyo utagundua rufaa iliyofutwa na kurudi, kama ile ya karani wa Mwanza: wahusika walewale, namba ileile ya Mahakama Kuu. Rufaa zilizounganishwa nazo huwa na namba mbili au tatu kwenye uamuzi mmoja. Amua mapema kama unahesabu hukumu au unahesabu mashauri, uandike uamuzi huo kwenye sura ya mbinu, usigeuke katikati.

Safu ya matokeo usiiachie maneno mawili, “imekubaliwa” na “imekataliwa”. Weka angalau saba: imekubaliwa yote, imekubaliwa kwa sehemu, imetupwa, imefutwa, imeondolewa na mrufani, imekoma kwa kifo, shauri limerudishwa kusikilizwa upya. Soma aya ya mwisho ya hukumu mwenyewe. Kompyuta ikitafuta neno moja itakuletea hukumu inayosema rufaa ya Mahakama Kuu ilikubaliwa, kumbe Mahakama ya Rufani imeibatilisha.

Mpe mwenzako hukumu 50 azijaze bila kuona majibu yako, kisha linganisheni. Mkitofautiana kwenye zaidi ya tano, maelezo ya safu zako hayajaeleweka, yaandike upya. Na kumbuka upakiaji huchelewa: mwezi wa karibuni utaonekana mtupu hadi hukumu zake zipakiwe. Miezi mitatu ya mwisho iache.

Wahariri, salamu kutoka Kisumu. Nimeweka rufaa za Kenya kwenye grafu nikaona vilima kila baada ya miaka mitano. Ni siasa tu ama kuna jambo lingine? (Mwalimu, Kisumu)

Ni siasa, Mwalimu, ila siasa iliyopimwa kwa saa. Uchaguzi mkuu wa 9 Agosti 2022 ni mfano mzuri. Malalamiko ya kiti cha ubunge huwasilishwa ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa, na Mahakama Kuu ina miezi sita kuyaamua. Hiyo inatufikisha Machi 2023. Anayetaka kukata rufaa ana siku 30, na rufaa iwe kwenye hoja za sheria peke yake. Sehemu ya 85A ya Sheria ya Uchaguzi inaipa Mahakama ya Rufaa miezi sita kuimaliza. Kwa hiyo rufaa hizo huingia karibu Aprili na kutoka kufikia Oktoba.

Sasa tazama kalenda ya ripoti. Mwaka wa serikali ya Kenya hufungwa 30 Juni. Rufaa nyingi za uchaguzi zimefunguliwa ndani ya mwaka 2022/23 na kuamuliwa ndani ya 2023/24. Mwaka wa kwanza kiwango cha uondoshaji kinavutwa chini, wa pili kinavutwa juu, bila jaji yeyote kubadili mwendo wake.

Gharama inayofichika iko kwa wengine. Rufaa ya uchaguzi ikipita miezi sita mahakama inapoteza mamlaka juu yake, hivyo hupangwa mbele, na kesi ya shamba ya Siaya au ya mfanyakazi aliyeachishwa kazi Nakuru inasogezwa. Ukitaka kuona mwelekeo halisi, ondoa rufaa za uchaguzi kwenye safu zote mbili, kisha chora umri wa rufaa za ardhi peke yake. Uchaguzi ujao kwa hesabu ya Katiba ni 10 Agosti 2027. Kilima kitafuata katikati ya 2028.

Nimesoma kwamba rufaa nne katika kumi hufaulu. Hii si kusema majaji wa chini wanakosea asilimia 40? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, kwa sababu mbili.

Kwanza, muulize aliyeandika amegawanya kwa nini. Tuseme maamuzi ni 200: rufaa 60 zilifutwa kwa kasoro, 20 ziliondolewa au zikakoma kwa kifo, 120 zikasikilizwa hoja zake, na kati ya hizo 48 zikakubaliwa. Ukigawanya 48 kwa 200 unapata asilimia 24. Ukigawanya kwa 120 unapata 40. Namba zote mbili ni halali, kila moja ikijibu swali lake. Wakili anayemshauri mteja wa madai kuhusu nafasi yake akitaja ya pili bila kumwonya kuhusu zile 60, hajamtendea haki.

Pili, zinazofika juu si sampuli ya zote. Aliyeshindwa waziwazi, na anayelipa gharama zake, mara nyingi huacha. Mfungwa mwenye kifungo cha miaka 30 hana cha kupoteza, anakata rufaa hata kama ushahidi ulikuwa mzito. Kwa hiyo kiwango cha kufaulu katika jinai na katika madai hupimwa mbalimbali. Mahakama Kuu ya Marekani, ile ya juu kabisa, hubatilisha takribani theluthi mbili ya maamuzi inayoyapitia, wakati mahakama za rufaa za shirikisho chini yake hubatilisha chini ya asilimia 10. Ya juu huchagua yenyewe cha kusikiliza, na majaji wanne kati ya tisa wakikubali shauri linaingia. Hawachukui uamuzi ili kuusifu.

Hukumu ndefu ni dalili ya kazi nzuri? (Msomaji, Tanga)

Si lazima. Ukitaka kupima urefu, hesabu maneno wala usihesabu kurasa. Nafasi kati ya mistari na ukubwa wa herufi vinatosha kugeuza kurasa 12 kuwa 20. Halafu toa sehemu inayonakili vifungu vya sheria na mwenendo wa mahakama ya chini. Kinachobaki ndicho kilichofikiriwa na jopo, na mara nyingi ni kifupi kuliko ulivyodhani.

Nipo Columbus, Ohio, na huwa nawasaidia wenzetu kusoma barua za mahakama ya uhamiaji. Nimeona rufaa za shirikisho hapa Marekani zimeshuka sana tangu 2005. Mahakama zimekuwa na nafasi zaidi? (Mkalimani, Ohio)

Kushuka ni kweli, ila mwaka uliouanzia ndio kilele chenyewe. Mwaka uliofungwa 30 Septemba 2005 mahakama za rufaa za kanda zilipokea rufaa 68,473. Miaka ya karibuni zinapokea karibu 40,000. Anayechagua kilele kuwa mwanzo wa grafu atapata mteremko hata kama nchi ni tambarare, basi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 2002 Wizara ya Sheria iliamua kupunguza Bodi ya Rufaa za Uhamiaji kutoka nafasi 23 hadi 11, na kupanua ruhusa ya mjumbe mmoja kuthibitisha uamuzi bila kuandika sababu. Bodi ikaharakisha. Wahamiaji waliokataliwa, wakiwa hawana hata maelezo ya kwa nini, wakaenda mahakama za rufaa, hasa ya Kanda ya Pili yenye makao New York na ya Tisa ya magharibi. Foleni ya Bodi ilihamia jengo lingine. Kisha 12 Januari 2005 Mahakama Kuu ikaamua shauri la Booker, ikafanya miongozo ya adhabu ya shirikisho kuwa ya ushauri badala ya lazima, na wafungwa wengi wakafungua rufaa kwa pamoja. Mawimbi hayo mawili yalikutana mwaka huohuo. Kilima kidogo cha 2016 nacho kina sababu yake: uamuzi wa Welch wa Aprili mwaka huo uliwafungulia mlango waliofungwa chini ya kifungu cha adhabu kilichokuwa kimebatilishwa.

Kuhusu nafasi: idadi ya viti vya majaji wa rufaa wa shirikisho ni 179, na mara ya mwisho Bunge kuongeza ilikuwa 1990. Viti 167 ni vya kanda 12, vingine 12 ni vya mahakama ya Federal Circuit inayoshughulikia hataza na mambo maalumu, ambayo jedwali la kanda haliijumlishi. Ukigawanya rufaa za kanda kwa majaji 179 umekosea tangu mwanzo.

La kuwafaa unaowasaidia ni namna maamuzi yanavyotoka. Zaidi ya asilimia 80 ya maamuzi yenye sababu hayachapwi kama mwongozo kwa mashauri yajayo, na rufaa chache tu, chini ya moja katika tano, husikilizwa kwa mdomo. Uamuzi usiochapwa uliotolewa kuanzia 1 Januari 2007 unaweza kutajwa mbele ya mahakama yoyote ya rufaa ya shirikisho, ila kwa kawaida hauifungi mahakama. Ukihesabu “maamuzi kuhusu hifadhi ya ukimbizi” kwa kusoma vitabu vya maamuzi yaliyochapwa peke yake, unaona kipande kidogo, na kipande hicho huelemea kwenye mashauri yaliyoleta hoja mpya. Yaliyokataliwa kwa aya tatu hayamo.

Kenya majaji wa rufaa huandika hukumu mbalimbali hata wakikubaliana. Tuseme wamegawanyika zaidi kuliko wa Tanzania? Na wakiongezwa majaji, foleni itaisha? (Wakili mchanga, Nairobi)

La kwanza ni la kanuni kabla ya kuwa la tabia. Kanuni za Mahakama ya Rufaa ya Kenya zinataka rufaa ya jinai iwe na hukumu moja ya mahakama. Katika madai kila jaji hutoa yake, isipokuwa jopo limekubaliana na jaji anayeongoza akaelekeza vinginevyo. Basi hukumu tatu zenye “nakubaliana” mbili za mistari minne si mgawanyiko. Soma amri ya mwisho, uhesabu majaji waliotaka matokeo tofauti. Hilo peke yake ndilo upinzani. Rufaa ya BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba ya Kenya, iliyoamuliwa 20 Agosti 2021 ilikaliwa na majaji saba, kila mmoja na hukumu yake. Mtu akiingiza rufaa moja ya namna hiyo katika wastani wa hukumu kwa kila shauri, mwaka mzima unavimba.

La pili, anza na kugawanya kwa tatu. Katika miaka ya 2019 hadi 2022 kikomo cha sheria kilikuwa majaji 30 wa Mahakama ya Rufaa, ambao ni majopo kumi wote wakiwa wazima na hakuna aliye likizo. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza watu 41 kwa mahakama za juu, 11 wakiwa wa Mahakama ya Rufaa. Saba waliteuliwa Juni 2021, na wanne waliobaki waliapishwa Septemba 2022. Hadi Juni 2021 mahakama ilikosa majopo matatu na zaidi, kisha moja na zaidi hadi Septemba 2022, na yeyote anayechora kasi ya 2019 hadi 2022 bila kuonyesha idadi ya majaji waliokuwepo anawalaumu waliobaki.

Angalia pia majopo yanafanya nini. Maombi ya kusimamisha utekelezaji chini ya kanuni ya 5(2)(b) hukaliwa na majaji watatu, sawa na rufaa yenyewe. Siku ya jopo ikiliwa na maombi manane, hakuna rufaa iliyosogea, ingawa safu ya “yaliyomalizwa” imeongezeka kwa nane. Kwenye ripoti tenganisha maombi na rufaa kabla ya kusifu au kulaumu.

Wakiongezwa majaji wa rufaa peke yao, foleni itapungua kwa muda. Wakiongezwa wa Mahakama Kuu kwa wakati mmoja, maamuzi ya chini yataongezeka na sehemu yake itapanda juu mwaka mmoja au miwili baadaye. Ukiwa unaandika maoni kwa Tume, peleka hesabu mbili: rufaa mpya kwa kila hukumu 100 za Mahakama Kuu, na siku za kikao ambazo kila jopo lilikaa kweli. Ambatisha na orodha ya majaji watakaofikisha umri wa kustaafu katika miaka mitano ijayo, 70 kwa Kenya na 65 kwa Majaji wa Rufani wa Tanzania. Nafasi iliyojulikana mapema inaweza kutangazwa mapema, kiti kisikae wazi mwaka mzima.